Saa Kumi na Mbili Juu ya Mashine ya Kukata Nyasi: Mwongozo Kamili wa Kushiriki na Kuandaa Mbio za Ustahimilivu

Saa mbili kamili usiku madereva wamepangwa upande mmoja wa shamba, mashine zao upande wa pili, injini zimezimwa. Bendera ikishuka wanakimbia, kila mmoja anarukia kiti chake na kuwasha, na vumbi linapanda. Kuanzia hapo ni kuzunguka tu mpaka saa mbili asubuhi. Hivyo ndivyo zinavyoanza mbio za saa 12 za mashine za kukata nyasi huko West Sussex, kusini mwa Uingereza. Timu moja ina madereva watatu wanaopokezana mashine moja usiku kucha.

Mimi ni fundi, na katika mchezo huu nimekuwa mtu wa spana kuliko mtu wa usukani. Kwa hiyo mwongozo huu unaegemea upande wa gereji, na sioni haja ya kuomba radhi kwa hilo, kwa sababu ushindi wa mbio hizi hupatikana au kupotea gerejini wiki kadhaa kabla ya bendera. Piga hesabu hii. Chukua uwanja wa kilomita moja ambao timu yako inauzunguka kwa sekunde 90. Kwa saa 12 bila kusimama hiyo ni mizunguko 480. Timu jirani ina mashine yenye kasi zaidi, inazunguka kwa sekunde 88. Usiku mzima kasi hiyo inawapa takriban mizunguko 11 ya ziada. Sasa mkanda wao, ule unaopeleka nguvu ya injini kwenye gia boksi, ukatike, wautafute, waubadilishe gizani kwa dakika 20. Wamepoteza mizunguko 13. Kazi ya usiku kucha imeliwa na mkanda mmoja, na wewe mwenye mashine ya taratibu uko mbele yao.

Waliokulia Afrika Mashariki wanaijua hali hii kutoka Safari Rally. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yaliyofika mwisho, na mwaka 1968 yakafika saba tena. Kufika kulikuwa ndiko kushindana.

Mchezo ulikotoka, na kwa nini ni wa bei nafuu

Mwaka 1973, katika baa ya Cricketers Arms kijijini Wisborough Green, watu waliopenda mbio za magari walikuwa wakilalamikia gharama zake. Mmoja wao alikuwa Jim Gavin, Mwairishi wa mambo ya rali. Wakatazama nje, wakaona nyasi zikikatwa, wakagundua kwamba karibu kila nyumba pale kijijini ina chombo chenye injini kimekaa bandani. Chama cha Uingereza cha mchezo huu, BLMRA, kilizaliwa hapo, na mbio za saa 12 zilianza mwaka 1978. Stirling Moss, dereva maarufu wa Formula One, aliwahi kuzishinda. Derek Bell, aliyeshinda mbio za magari za saa 24 za Le Mans mara tano, alizishinda mara mbili. Mwigizaji Oliver Reed, aliyekuwa akiishi maeneo yale, alikuwa akiingiza timu yake.

Kilichoulinda mchezo huu ni kanuni zake za tangu mwanzo: hakuna wadhamini, hakuna zawadi ya fedha, injini haifanyiwi ujanja wa kuiongezea nguvu, na faida ikipatikana inakwenda kwenye misaada. Marekani nao wana chama chao tangu mwaka 1992, chenye madaraja mengi na mbio fupi fupi za kasi. Ukitaka kuandaa mbio zako popote pale, anza na kanuni ya fedha. Siku zawadi nono itakapoingia, mtu mwenye mashine ya bandani ataacha kuja.

Kuchagua mashine

Waingereza wanazigawa mashine katika makundi manne. La kwanza ni zile unazozikimbilia kwa nyuma ukiwa umeshika mpini, na hizo si za usiku kucha. La pili ni za silinda ya kukatia, zinazosukumwa na rola, ambazo dereva hukaa kwenye kiti kinachovutwa nyuma. La tatu ni za kukalia zenye magurudumu, zisizo na boneti mbele. La nne ni zile zinazofanana na trekta dogo, zenye boneti na usukani kamili.

Kwa anayeanza, nashauri kundi la nne bila kusita. Ni pana, zimetulia, na spea zake zinapatikana kirahisi. Tafuta mashine kuukuu yenye fremu ya chuma kinene, injini ya silinda moja ya nguvu farasi 11 hadi 14, na gia boksi ya meno. Zile zenye gia za maji ya haidroli ziache, maana hupata joto kali zikikimbizwa muda mrefu na kuzitengeneza shambani ni shida. Usihadaike na rangi. Ingia chini na tochi, tazama kama fremu ina ufa karibu na ekseli ya mbele na pale injini inapokaa. Mashine iliyolala bandani miaka mitano lakini fremu yake ni nzima ni bora kuliko inayong'aa iliyochomelewa mara tatu.

Kuivua na kuijenga upya

Kabla ya kingine chochote ondoa visu. Si kuvifungua nati na kuviacha vikining'inia. Ondoa visu, bodi lote la chuma linalovifunika, puli zake na mkanda wake, uvipeleke mbali na gereji. Mashine yenye visu haikaguliwi wala haiingii uwanjani, na hakuna nchi ninayoijua inayocheza mchezo huu ambako kanuni hii inalegezwa.

Halafu njoo kwenye injini, mahali ambapo wageni wengi huharibu. Injini hizi zimewekewa gavana inayozizuia zisizidi takriban mizunguko 3,600 kwa dakika. Kila kijana anayeijua injini ndogo anatamani kuifungua gavana hiyo siku ya kwanza. Usiifungue. Ndani ya nyingi ya injini hizi konrodi, fito inayounganisha pistoni na krenki, ni ya aluminiamu, inazunguka moja kwa moja juu ya krenki bila beringi ya kutenganisha, na oili inarushwa tu na kijiko au gia, haisukumwi na pampu. Ukiipeleka juu ya mwendo wake kwa dakika tano inaweza kuvumilia. Ukiipeleka usiku kucha, konrodi itakatika na kutoboa ukuta wa injini. Flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na krenki, nayo haikutengenezwa kwa mwendo huo, na ikipasuka vipande vyake vinaruka karibu na miguu ya dereva. Fundi aliyezoea jenereta ndogo na pampu za maji za umwagiliaji anaijua injini hii kama kiganja chake, na atakuambia hayo hayo.

Kasi inatafutwa kwenye puli. Hesabu yake ni rahisi. Chukua mizunguko ya injini, gawanya kwa upunguzaji wote kuanzia puli mpaka ekseli, yaani injini inazunguka mara ngapi ekseli ikizunguka mara moja, zidisha kwa mzingo wa tairi. Tairi la kipenyo cha sentimita 40 lina mzingo wa kama mita 1.26. Upunguzaji wote ukiwa mara 9, ekseli inazunguka mara 400 kwa dakika, nawe unakwenda takriban kilomita 30 kwa saa. Ongeza ukubwa wa puli ya injini au punguza wa puli ya gia boksi mpaka upunguzaji uwe mara 6, na umefika 45. Mashine za mbio fupi hufika 80 hivi, lakini kwa mbio za usiku kucha katika shamba lenye matuta, chagua uwiano ambao injini inaubeba bila kuhema ikitoka kwenye kona. Injini inayohema inapata joto, na joto ndilo adui wa saa tisa usiku.

Kwa sababu hiyo hiyo usilitupe kava la feni lililo juu ya injini kwa kutaka kupunguza uzito. Kava hilo ndilo linaloelekeza upepo kwenye mapezi ya kupozea. Livue, safisha mapezi kwa brashi mpaka uione rangi ya chuma, kisha lirudishe. Badilisha oili, weka plagi mpya, safisha kabureta, weka mpira mpya wa mafuta na chujio lake. Chujio la hewa uwe nayo matatu au zaidi, kwa kuwa shamba kavu lina vumbi linaloziba chujio moja ndani ya saa chache.

Mkanda. Hapa sitapita haraka, maana mashine nyingi nilizoziona zimesimama gizani zilisimama kwa ajili ya mkanda. Puli mbili zisipokuwa kwenye mstari mmoja, mkanda unalika ubavu mmoja, unapata moto, unateleza, kisha unakatika. Weka rula ndefu ya chuma kwenye nyuso za puli zote mbili na usogeze mpaka iguse sawasawa. Puli ya kukazia iwe na beringi mpya. Weka vishikizo vya kuuzuia mkanda usiruke pale mashine inapodunda. Ukimaliza, ubadilishe mkanda huo mara kumi, na mara tano za mwisho zima taa za gereji, uvae tochi ya kichwani, na mwenzako akupimie muda. Mashine nyingine hazikuruhusu kuutoa mkanda mpaka ufungue fito ya klachi. Ni afadhali ulijue hilo gerejini.

Usukani wa kiwandani una gia ndogo yenye meno machache, na mara nyingi inacheza. Kwa kasi ya kukata nyasi haidhuru. Kwa kilomita 45 gizani ni hatari. Wengi huweka fito za moja kwa moja zenye viungo vya chuma, ili usukani ukigeuzwa kidogo magurudumu yaitikie mara moja. Bushi za plastiki kwenye magurudumu ya mbele zing'oe, weka beringi zilizofungwa. Mihimili mifupi inayobeba magurudumu hayo ichomelewe upya na iongezewe kipande cha chuma pembeni. Ikikatika, mashine inapiga pua chini na dereva anaruka mbele.

Breki ya kiwandani ni ya kuegeshea. Weka diski kwenye ekseli ya nyuma na kalipa ndogo ya pikipiki. Kisha weka swichi ya kuzima injini yenye kamba inayofungwa mkononi au kiunoni mwa dereva. Akianguka, kamba inachomoka na injini inakufa. Ijaribu kila dereva anapopanda, si mara moja tu asubuhi ya ukaguzi.

Injini ya silinda moja inatikisika kupita unavyofikiri, na mtikisiko wa saa 12 hufungua chochote kinachofunguka. Tumia nati zenye pete ya nailoni ndani. Pale penye joto ambapo nailoni ingeyeyuka, kama kwenye silensa, tumia waya wa kufungia. Nilijifunza hili kwa uchungu. Mara ya kwanza nilipoandaa mashine, nati moja ya silensa ilianguka saa nane usiku, silensa ikafuata, na moto wa ekzosi ukaunguza mpira wa mafuta. Tuliuzima mapema, lakini tulikaa nje kwa saa nzima. Tangu siku hiyo kila nati ninayoikaza naipiga mstari wa rangi nyeupe kuanzia nati hadi kwenye bolti. Mashine ikisimama kwa mafuta, naumulika mstari kwa tochi. Ukiwa umevunjika, nati imegeuka. Mistari 30 inakaguliwa kwa sekunde 20.

Taa na umeme

Mwanzoni mwa Agosti kusini mwa Uingereza jua huzama kama saa tatu kasorobo usiku na kuchomoza kama saa kumi na moja unusu alfajiri. Kwa hiyo taa zinafanya kazi kwa muda wa saa tisa hivi. Taa mbili za wati 18 zinakula ampea tatu kwenye umeme wa volti 12, yaani ampea-saa 27 kwa usiku mzima. Koili ndogo ya kuchajia iliyo chini ya flaiwili huenda isitosheleze. Usiitegemee. Chukua betri mbili au tatu zilizojaa, zifunge kwenye kisanduku chenye mkanda wa kubana haraka, ubadilishe katikati ya usiku. Taa moja ielekee mbali, nyingine karibu na upande wa ndani wa kona, kwani muda mwingi dereva anatafuta kona. Nyuma weka taa nyekundu ya kudumu. Waya zote zipite ndani ya mpira, mbali na ekzosi, na zisilale juu ya makali ya chuma.

Timu na hesabu ya usiku

Injini ya ukubwa tuliousema, ikikimbizwa muda wote, itakunywa petroli kama lita nne kwa saa. Pima yako mwenyewe kwa saa moja ya mazoezi, usiazime namba yangu. Kwa lita nne, usiku mzima ni lita 48. Tangi la lita sita linakupa saa moja na nusu, yaani zamu nane na vituo saba vya kujaza mafuta. Madereva wawili wataendesha zamu tatu tatu, wa tatu zamu mbili. Kila kituo kikichukua dakika mbili, umesimama dakika 14 usiku kucha. Andika ratiba hiyo kwenye ubao mkubwa kila mtu auone.

Ukweli ni kwamba zamu ya saa moja na nusu ni ndefu. Mikono hufa ganzi kwa mtikisiko, na mgongo unapokea kila tuta kwa kuwa mashine hizi hazina springi. Dereva akiomba kutoka, mtoe. Kituo cha ziada kinakugharimu mzunguko mmoja na kidogo. Dereva aliyesinzia anaweza kukugharimu mashine, au mwenzako.

Kituo cha mafuta kina mpangilio mmoja, usiobadilika hata mkiwa mnaongoza. Mashine inaingia kwa mwendo wa kutembea. Injini inazimwa. Dereva anashuka kabisa, kwani hamna kujaza mafuta mtu akiwa amekaa. Mtu mmoja anasimama na kizima moto mkononi, pini imeshatolewa, macho kwenye tangi, hana kazi nyingine. Ndipo petroli inaingia, na tangi halijazwi mpaka ukingoni. Mwingine anatazama kijiti cha oili, mistari ya rangi, mkanda, upepo wa matairi. Dereva mpya anapanda, anafunga kamba ya swichi, anaijaribu, anaondoka. Aliyeshuka anasema jambo moja tu kwa fundi: mashine imebadilika nini. Ikianza kulia tofauti, ikivuta kushoto, ikipoteza nguvu mlimani. Hayo yaandikwe, kwa sababu ifikapo alfajiri hakuna anayekumbuka.

Panga pia nani analala. Timu changa hukesha wote, na saa kumi alfajiri hakuna mwenye akili ya kusoma spana namba ngapi. Fundi mmoja alale kuanzia saa nne hadi saa nane, mwingine baada yake. Chakula kiwe cha moto na chepesi, na maji yanywewe kila zamu hata kama baridi imeshuka.

Kuendesha

Vaa kofia ngumu inayofunika uso wote, glavu, buti za kufunika vifundo, shati na suruali nzito, na kinga ya kifua na mgongo kama za pikipiki za matope. Mwili wako ni sehemu kubwa ya uzito wa chombo hiki. Kwenye kona usikae wima. Toa makalio kitini, ulaze kiwiliwili upande wa ndani, mguu wa nje ukikandamiza fremu. Mashine inayokata kona na dereva amekaa kama yuko ofisini inainua gurudumu la ndani, na hatua inayofuata ni kupinduka.

Ekseli ya nyuma haina difu katika mashine nyingi za mbio, magurudumu yote mawili yanazunguka pamoja, hivyo mashine inataka kwenda moja kwa moja. Achia mafuta kidogo kabla ya kona, geuza, subiri pua iingie, kisha rudisha mafuta taratibu. Anayeingia kwa nguvu nyingi anateleza nje mpaka kwenye marobota ya majani makavu yaliyo pembeni.

Uwanja hubadilika usiku kucha, na kuusoma ndiyo raha ya mchezo huu. Saa ya kwanza ni nyasi fupi, zinashika vizuri. Kufikia saa nne usiku nyasi zimekwisha kwenye kona, kuna vumbi, na taa ya aliye nyuma yako inaonekana kama mwezi kwenye ukungu. Usimfuate mtu kwa karibu ndani ya vumbi; hutaona akisimama. Baada ya saa saba usiku umande unashuka, vumbi linatulia, na udongo laini unakuwa utelezi. Alfajiri kuna mifereji ya magurudumu yenye kina cha kutosha kugusa tumbo la mashine. Hapo anayeendelea kupita njia ile ile ya jioni anaivunja ekseli yake. Sogea mita moja nje ya mifereji, ni njia ndefu kidogo lakini mashine inapona.

Saa ya kwanza msishindane na mtu. Najua ni vigumu, watazamaji wapo na damu inachemka. Lakini mgongano wa saa ya kwanza unapinda fito ya usukani, na utaendesha saa 11 zilizobaki ukipigana na usukani huo.

Ukitaka kuandaa mwenyewe

Anza na mbio za muda wa saa mbili tu, mchana, mashine kumi. Usiruke moja kwa moja kwenda kwenye usiku mzima. Utajifunza mahali watazamaji wanapopenda kusimama, vumbi linakoelekea, na njia ambayo gari la wagonjwa litapita. Bima ya dhima kwa watazamaji na washiriki itafutwe kabla hujatangaza tarehe. Mwenye shamba atoe ruhusa kwa maandishi, na majirani waambiwe mapema kuhusu kelele.

Shamba zuri ni lile lililokwisha kukatwa majani ya mifugo, lenye mwinuko kidogo, lisilo na mawe. Litembee lote kwa miguu mkiwa watu watano kwa mstari, mkitafuta mashimo, waya na mizizi. Njia iwe pana, mita nane au kumi, kona ziwe nyingi kuliko mistari iliyonyooka. Kona hushusha kasi bila wewe kuweka kanuni. Kamwe usimalize mstari mrefu kwa kona inayoelekea watazamaji. Nje ya kila kona weka marobota ya majani makavu, na kati ya marobota na kamba ya watazamaji acha nafasi tupu ambayo hakuna mtu anayeruhusiwa, hata mpiga picha. Kituo cha mafuta kiwe mbali na majani makavu, chenye njia ya kuingia na ya kutoka tofauti, na kila timu iwe na kizima moto chake. Kwenye kila kona asimame msimamizi mwenye bendera na taa anayemwona msimamizi wa kona inayofuata. Bendera ya njano, hakuna kupita mtu. Nyekundu, kila mmoja anasimama. Wasimamizi nao hupokezana. Wengi huwasahau na kuwaacha baridini usiku mzima.

Gari la wagonjwa na wahudumu wake wakiondoka kumpeleka majeruhi, mbio zinasimama mpaka warudi. Liandike hilo kwenye kanuni na ulisome kwa sauti kwenye mkutano wa madereva, kabla mtu hajakasirika.

Ukaguzi ufanyike mchana, kila mashine kwa zamu, na mkaguzi awe mtu asiye na timu. Visu na bodi lake vimeondoka. Swichi ya kamba inaua injini, ijaribiwe ikiwa inaunguruma. Breki inashika ikisukumwa. Mkanda na mnyororo vimefunikwa ili visishike suruali. Tangi halivuji likiinamishwa. Usukani hauna mchezo. Taa ya nyuma inawaka. Ncha kali zimekatwa. Mashine inayoshindwa hairuhusiwi kwa kuhurumiwa. Inarudi gerejini, inatengenezwa, inakaguliwa tena.

Kinachozua ugomvi kuliko ajali ni kuhesabu mizunguko. Kama una vifaa vya elektroniki vinavyofungwa kwenye mashine na kusomwa mstarini, vitumie, lakini usiache karatasi. Weka meza juu ya jukwaa, yenye mwanga mkali unaomulika namba za mashine. Namba ziwe kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, pande zote mbili, na zifutwe vumbi kila kituo. Mhesabu mmoja asibebe mashine zaidi ya nne, na asikae zaidi ya saa moja na nusu. Kila saa tangaza msimamo na uubandike ubaoni. Timu yenye malalamiko ilete kabla ya tangazo linalofuata, baada ya hapo hesabu ya saa hiyo imefungwa. Kanuni hii moja inaokoa asubuhi nzima ya mabishano.

Saa mbili asubuhi bendera ya mirabamiraba inashushwa, na mshindi ni mwenye mizunguko mingi. Mashine zote zielekezwe mahali pamoja, zizimwe, zipoe kabla mtu hajagusa mafuta. Halafu, kabla ya watu kutawanyika, wakusanye tena wote kwa mstari ule wa kutembelea shamba. Safari hii shika sumaku ya kukokota na ndoo. Mtaokota nati, springi, vipande vya waya, pini, pengine silensa nzima. Ng'ombe hula pamoja na majani kipande cha waya bila kukitema, na kikitua tumboni kinaweza kumchoma mpaka karibu na moyo. Piteni mara mbili, ya pili kwa kukatisha njia ya kwanza, na kona zote mzipitie kwa mikono, kwa sababu hapo ndipo vyuma vimezikwa chini ya udongo uliotimuliwa usiku.